Athian na Upande wa Manyoya

Mtu wa kwanza kumcheka Athian usoni tangu aingie Kenya alikuwa mzee Wekesa wa Lodwar, na alimcheka kwa ajili ya rangi za mbuzi.

Ilikuwa mapema mwaka wa tisini na saba, wakati wa ule ukame ambao vumbi lake lilikuwa linaingia hata ndani ya ugali. Athian aliteremka kwenye lori lililokuja na msafara wa askari kutoka Kakuma. Karatasi ya kumruhusu kutoka kambi ya wakimbizi ilikuwa imekunjwa mara nne mfukoni mwa shati, na begani alikuwa na robota la ngozi arobaini za mbuzi. Wenye mikokoteni walimfuata, akawakatalia. Alikuwa mrefu mno, hata kwa watu wa kwao, kwa hiyo robota lile lilipita sokoni juu ya vichwa vya watu kama kitu kinachoelea chenyewe, mpaka likafika kwenye ghala la Makena na kuinama mlangoni.

Huyu Makena alikuwa mama wa Kimeru aliyekuja Lodwar kuuza chai na sukari, akaishia kwenye ngozi. Alikuwa anatafuta mtu wa kukaa Kakuma amnunulie ngozi na kuzipanga gredi hukohuko, ili zifike Lodwar zimeshatengwa: ya kwanza peke yake, ya pili peke yake, ya tatu, ya nne, na zile za kutupwa zisije kabisa. Watu wawili aliowajaribu kabla walikuwa wanamletea mchanganyiko, nzuri na mbovu kamba moja. Basi na Athian walielewana hivi. Alete ngozi arobaini alizozipanga kwa jicho lake. Mzee Wekesa, afisa wa ngozi wa serikali, azipange upya mbele yake. Wakitofautiana kwa ngozi mbili, hiyo ni kawaida ya binadamu, kazi ni ya Athian. Ikifika tatu, kazi hakuna.

Na kazi hiyo Athian aliitaka. Kwao, upande wa Bor, kusini mwa Sudan, alikuwa mtu wa kuitwa. Watu wakitaka kukubaliana mahari, wanatuma mtu kumwita Athian aje awatazame ng'ombe. Anazunguka zizi mara moja kimyakimya, anazunguka mara ya pili, halafu anasema huyu ndiye, na yule mrudisheni. Hakuna aliyembishia. Halafu vita vikaja, ng'ombe wakaisha, naye akatembea na mkewe Nyibol na binti yao Achan mpaka Kapoeta, mpaka Lokichoggio, na mwaka wa tisini na mbili mpaka Kakuma. Kwa miaka mitano pale kambini aliulizwa maswali mengi. Aliulizwa jina, aliulizwa namba ya kadi, aliulizwa wako wangapi nyumbani. Hakuna aliyemuuliza tena anaonaje. Ndiyo maana alipoambiwa kuna mama Lodwar anatafuta jicho la mtu, hakulala vizuri juma zima.

Sasa akafungua robota lake mbele ya Makena na Wekesa, akazitandika ngozi kwenye turubai, manyoya juu, kwa safu nne. Alijivunia safu ya kwanza. Alikuwa ameweka pale weusi wenye vichwa vyeupe, weusi ti kabisa mgongoni, kichwa cheupe kama cha tai mla samaki. Kwa Kidinka rangi hiyo inaitwa makuei. Athian mwenyewe, ujanani, alipewa na baba yake fahali wa rangi hiyo, akamtungia nyimbo, na watu wakamwita yeye mwenyewe kwa jina la fahali huyo. Safu ya pili aliweka madoa meusi na meupe yaliyogawana sawasawa. Ya tatu wekundu. Ya nne rangi za kuchanganyika zisizo na jina.

Mzee Wekesa alizitazama safu zote nne. Akainama, akanyanyua ncha ya ngozi moja, akaiachia. Akauliza safu ya kwanza imepita kwa kipimo gani. Athian akamweleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni: kichwa hiki, mgongo huu, ona mstari wa shingoni ulivyonyooka. Hapo ndipo Wekesa alipocheka. Alicheka mpaka akavua miwani. Makena akageuka ukutani na mabega yanatikisika.

Halafu mzee akaanza kuzigeuza, moja moja, haraka, kama mtu anayepindua chapati. Upande wa nyama ukatokea. Na pale palikuwa na mambo. Ngozi yenye kichwa cha tai mla samaki, ile ya kwanza kabisa, ilikuwa na mikato ya kisu saba na tundu la kupitisha kidole. Ya pili yake ilikaushwa juu ya mchanga wa moto, ikaungua chini ikawa kama gundi. Ile ya safu ya nne isiyo na rangi yenye jina ilikuwa safi kama karatasi. Walipomaliza, tofauti zilikuwa ishirini na sita.

Wekesa hakuwa mtu mbaya. Alipangusa macho, akaomba radhi, akamvutia Athian kiti.

"Ndugu yangu," akamwambia, "kiwandani manyoya yanatolewa yote siku ya kwanza, yanatupwa. Wewe umenipangia takataka, tena umezipanga vizuri sana."

Athian hakukasirika. Jambo hilo lilimshangaza Makena, ambaye alikuwa amejiandaa kumtuliza. Lile jicho la Athian lilikuwa limeshatua kwenye mikono ya Wekesa, na kitu alichotaka kujua ni kwa nini mzee aligusa katikati ya ngozi kwanza kabla ya pembeni. Akauliza. Wekesa, ambaye miaka yote hiyo hakuna mtu Lodwar aliyewahi kumuuliza anafanyaje kazi yake, akasahau kwamba alitaka kwenda nyumbani.

Akachukua ngozi, akaigawa kwa kidole kama anayechora shamba. Hapa katikati, mgongo na makalio, ndipo kinapotoka kiatu. Pembeni, miguu na tumbo na shingo, fundi anakata anatupa. Tundu moja la katikati linaishusha ngozi mpaka ya tatu. Tundu hilohilo la pembeni linasamehewa. Akaiinua kwenye jua la mlangoni, na mikato ambayo haikuonekana ikawaka kama nyuzi. Akaikunja karibu na sikio ili Athian asikie kama inalia, maana iliyoungua juani inalia, nzuri inanyamaza. Akainusa. Ngozi iliyowambwa kwenye fremu ya miti, kivulini, upepo ukapita pande zote, inanuka kama karatasi. Iliyochelewa kuanikwa inanuka kama sikio bovu.

Makena naye, akimimina chai, akasema kwao Meru mama yake alikuwa anapanga kahawa. Punje zinapitishwa kwenye chekecheke zenye matundu ya ukubwa mbalimbali, kubwa huku, ndogo kule. Lakini mwisho wa yote kuna mtu Nairobi anayeipika, anaivuta mdomoni kwa kijiko kwa kelele kama anayeonja uji wa moto, anaitema, halafu anasema bei. Punje kubwa inaweza kuangushwa na ulimi.

Athian akauliza kwa nini anaitema. Makena akasema hajui. Wakakaa wote watatu wakiwaza jambo hilo.

Alipewa nafasi nyingine moja. Miezi mitatu, ngozi arobaini, masharti yaleyale. Makena alisema waziwazi kwamba ikishindikana atachukua mtu mwingine, maana mvua zikinyesha barabara inakatika.

Basi Athian akarudi Kakuma na njaa ya ajabu ya kujua. Ilimwanzia nyumbani kwake. Nyibol alikuwa ameketi na mahindi ya mgao, na Athian, aliyekula mkononi mwake miaka kumi na tisa, kwa mara ya kwanza akamwona anavyofanya. Alitia punje moja kati ya meno ya nyuma na kusikiliza. Iliyolia kwa ukali aliirudisha. Iliyonyamaza ilikuwa na unyevu. Halafu alimwaga konzi kwenye maji, zilizoelea akazisukuma pembeni kwa kuku, wadudu wameshazila ndani.

"Nani alikufundisha hii?" Athian akauliza.

"Njaa," Nyibol akasema. "Sogea, unanizibia mwanga."

Akaenda kwa Kasongo, fundi cherehani kutoka Kongo aliyekuwa anafungua mitumba karibu na kanisa. Akasimama pembeni mpaka Kasongo akamuuliza kama anataka shati au anataka kuajiriwa. Robota likikatwa kamba, Kasongo hakutazama kifua cha shati hata kidogo. Alipeleka mkono kwapani, halafu kwenye ukosi, halafu kwenye kiwiko. Zile za kwanza kuchaguliwa, safi, Wakenya walimfundisha kuziita kamera. Za mwisho, zinazouzwa kwa fungu, ni fagia. Na siku hiyo kulikuwa na koti la sufi zito, jipya, vifungo vyote sita. Kasongo alilitupa kwenye fagia bila kufikiri.

Athian akaliokota. Hili mbona halina kasoro?

"Papa, Nairobi hii ni kamera ya kamera," Kasongo akasema. "Hapa Kakuma utavaa wapi? Ndani ya friji?"

Hilo Athian alitembea nalo siku kadhaa. Mwalimu wa Achan alimwambia kwamba kwenye hesabu yeye hatazami jibu kwanza, anatazama njia. Mama aliyeleta samaki wakavu kutoka Lowarengak hakutazama jicho wala mkia, alibonyeza dole gumba nyuma ya kichwa, na kama nyama ikizama alimweka kando. Athian akaona jambo akalifurahia kama mtu aliyeokota kitu njiani: kila mpimaji ana mahali pake pa kwanza, na mahali hapo karibu kila mara si pale mnunuzi anapotazama. Na kabla ya mahali pa kwanza kuna swali: nani atakitumia hiki, na atakifanyia nini. Ukikosea swali, hata ukitazama vizuri namna gani, umepanga manyoya.

Ngozi zenyewe alizipata zaidi kwa Nakuleu. Huyu alikuwa mama wa Kiturkana, mjane, aliyekuwa anachinja mbuzi karibu na mto Tarach na kuuza nyama kwa watu wa kambini. Alikuwa na ulimi. Siku ya kwanza Athian alimsalimu ejok, yeye akaitikia ejok, akamtazama kutoka chini mpaka juu, safari ndefu, akamwambia yeye ni mti usio na kivuli. Lakini alichuna mbuzi kwa ngumi. Akishapasua tumbo aliweka kisu chini, akasukuma ngumi kati ya ngozi na nyama mpaka ngozi ikavuka kama shati, haina hata mkwaruzo. Athian alikaa kwenye jiwe akimtazama asubuhi nyingi. Athian naye akamfundisha kuwamba ngozi kwenye fremu ya vijiti, kivulini, badala ya kuipigilia ardhini kwa vigingi. Nakuleu alisema ardhi ilikuwepo kabla ya serikali na itakuwepo baadaye. Juma lililofuata alikuwa na fremu sita.

Athian alijizuia kutazama manyoya. Ngozi ikija, anaigeuza kabla jicho halijaanza kuzurura. Katikati, pembeni, juani, sikioni, puani. Akaandika gredi kwa chaki. Ngozi thelathini na tisa zilipita hivyo.

Ya arobaini Nakuleu aliileta mwenyewe imekunjwa kwapani, na namna alivyoitandika ilionyesha kwamba anajua alicholeta. Upande wa nyama ulikuwa mweupe, laini, sawa kila mahali. Athian aliiinua juani: hakuna hata uzi. Aliikunja: kimya. Aliinusa: karatasi. Akachukua chaki. Halafu, kwa sababu tu alikuwa ameona ncha ya manyoya meusi kwenye ukingo, akafanya alilojikataza kwa miezi mitatu. Akaigeuza.

Ilikuwa makuei. Mgongo mweusi ti, kichwa cheupe, mstari wa shingoni umenyooka kama uliokatwa kwa wembe. Athian akatulia. Akaanza hata kuimba kwa ndani, ule wimbo wa zamani. Na wimbo ukakwama.

Karibu na kiuno, katikati kabisa ya mgongo, palikuwa na doa jeupe, dogo, kama kitako cha glasi ya chai. Mtu mwingine angeliona pambo tu, mbuzi wana madoa. Lakini Athian alikuwa amewatazama makuei maisha yake yote. Weupe wao unaanza kichwani, unaweza kushuka kooni, unaweza kutokea tumboni au kwenye ncha ya mkia. Mgongoni hauji. Na nywele za doa lile hazikulala na wenzake, zilisimama, kila moja na njia yake.

"Hii mbuzi alikuwa mgonjwa?" akauliza.

Nakuleu akapangusa vumbi kwenye ukingo wa ngozi. "Mbuzi gani hajawahi kuwa mgonjwa."

"Hapa. Ulimfanya nini hapa?"

Basi akasema. Ilikuwa miaka miwili nyuma, beberu huyo alianguka miguu ya nyuma, hasimami. Wakamchoma kwa chuma cha moto kiunoni, kama inavyofanywa, akasimama siku ya tatu. Kidonda kilifunga, nywele zikaota. Zilikuwa nyeupe, ndiyo, na hilo lilikuwa na ubaya gani? Akaigeuza ngozi kwa mkono mmoja, upande wa nyama juu.

"Ndani kuna nini? Tazama. Hakuna kitu. Huyo mzee yako ya Lodwar si anatazama ndani?"

"Anatazama ndani."

"Ataona nini?"

"Hataona kitu. Atasema ya kwanza."

"Basi sema ya kwanza," Nakuleu akasema, kama mtu aliyemaliza kazi.

Athian alikaa na chaki mkononi. Alijua, bila kulipasua, kilicho chini ya doa lile. Ng'ombe aliyechomwa kwao, ngozi yake ikitengenezwa kuwa ya kulalia, pale penye kovu pananyonyoka nywele kwa jua na pana ugumu wake hata baada ya miaka. Akaandika tatu.

Nakuleu aliisoma ile namba. Hakujua kusoma mengi, namba za gredi alizijua. Akamwambia kwamba wageni ni wageni tu, emoit ni emoit, unamfundisha kuchuna na yeye anakuchuna wewe. Akachukua pesa ya gredi ya tatu, akaondoka, na fremu zake zilizokuwa pale kwa Athian akazibeba kichwani.

Nyumbani Nyibol alimsikiliza mpaka mwisho, akiendelea kusuka kamba.

"Baba Achan," akasema, "mtihani ni wa nani?"

"Wa mzee Wekesa."

"Anayesahihisha ni nani?"

"Ni yeye."

"Basi andika jibu analolijua yeye. Ukishapata kazi utamfundisha la kwako."

Maneno hayo yalikuwa na akili. Athian alifungua robota, akaifuta ile tatu kwa mate, akaandika moja, akaiweka ngozi kwenye kundi la kwanza, akafunga. Akaenda kuchota maji. Foleni ya bomba ilikuwa ndefu, akapata muda wa kufikiri. Aliporudi alifungua tena. Nyibol alisogeza miguu tu ili apite. Kilichomrudisha Athian hakikuwa ushujaa wowote. Alijaribu kujiona Bor, anazunguka zizi mara mbili, halafu anamuuliza mwenye ng'ombe, wewe ungependa nisemeje? Ile sura ilimkataa. Akaandika tatu.

Siku ya safari Lodwar kulikuwa na joto la kukausha kope. Wekesa alikuwa amekuja na miwani safi. Makena aliweka birika na vikombe kwenye kreti, akaketi. Mzee alianza kundi la kwanza, ngozi kumi na moja, zote akazirudisha zilipokuwa. Alimtazama Athian mara moja juu ya miwani. Kundi la pili, ngozi ya kumi na mbili, akanusa, akarudi akanusa tena, akaivuta nywele kwa vidole na zikatoka. Ilikuwa imeanza kuoza kabla ya kukauka. Ya tatu, akasema. Hiyo ikawa moja. Kwenye kundi la tatu akainua ngozi yenye tundu, akapima kwa kiganja mpaka ukingoni, akasema tundu hili ni la pembeni, linasamehewa, ya pili. Mbili.

Makena alikuwa ameacha kunywa.

Zilibaki chache. Athian alijua ile ya Nakuleu iko wapi, ilikuwa ya mwisho chini. Wekesa aliitoa upande wa nyama juu. Akaitandika. Akaiinua kwenye jua la mlangoni, akaikunja, akainusa, akarudia yote kwa mara ya pili kama asiyeamini.

"Hii umeionea," akasema kwa upole. "Hii ni ya kwanza. Nina mwaka sijaona ya kwanza kama hii." Na kwa kweli uso wake ulikuwa na huzuni, maana alikuwa ameanza kumpenda.

Athian akaomba wembe.

Makena akauliza wa nini. Athian akaigeuza ngozi, akaonyesha doa. Akaeleza, kwa Kiswahili chake cha kambini, kwamba rangi hii haina nyeupe pale, haiji pale, mbuzi alichomwa na nywele zikaota mpya. Wekesa akatikisa kichwa, akamkumbusha kwamba hayo ya manyoya walishayamaliza miezi mitatu iliyopita. Manyoya ni takataka.

"Ni takataka, mzee," Athian akasema. "Lakini ilikuwa inakaa juu ya ngozi."

Wekesa akainamia lile doa. Halafu akamwambia Makena alete wembe, na maji, na kipande cha sabuni. Akanyoa mwenyewe. Alinyoa taratibu kama kinyozi wa harusi, akipangusa povu kwa kidole, na weusi ukatoka, na weupe ukatoka, na chini yake pakatokea duara, gumu, la kung'aa, lenye mikunjo midogo kama mdomo wa mfuko uliofungwa. Katikati ya katikati, pale pale kinapotoka kiatu.

Alilisugua kwa dole gumba muda mrefu. Alilowesha kidole kwenye chai, akakipitisha kwenye kovu na kwenye ngozi ya kando. Ngozi ya kando ikanywa chai. Kovu halikunywa.

"Barua," akasema hatimaye, bila kumtazama mtu. Kiwanda kilichokuwa kinanunua ngozi za Lodwar kilimwandikia kila mwaka kulalamika: ya kwanza zenu zikitiwa rangi zinatoa mabaka. Naye aliwajibu kila mwaka kwamba dawa zao ndizo mbovu. "Miaka sita nabishana na barua hizo. Nimeweka nakala."

Akaichukua ngozi ya Nakuleu, akaiweka kwa mkono wake kwenye kundi la tatu. Halafu akageuka kutazama pembe ya ghala, ambako ya kwanza zake za mwezi mzima zilikuwa zimepangwa mpaka kiunoni, upande wa nyama juu, zote na muhuri wake.

"Hiyo nyeupe," akauliza, "inaota baada ya muda gani?"

Athian akamwambia inategemea, kama moto ulikwenda chini inaota mapema, na kwa mbuzi mweupe huioni kabisa, huko lazima mkono. Wekesa akavuta kiti mpaka pembe ya ghala. Akageuza ngozi ya kwanza, manyoya juu, akampisha Athian nafasi kando yake. Wakaanza kupapasa.

Makena aliwatazama, chai ikipoa. Alikuwa mtu wa biashara na alitaka kujua alipo. Akauliza, sasa, kuhusu yale masharti, tofauti ni ngapi?

"Mbili," Wekesa akasema, kichwa bado kimeinama. "Mimi nimehesabu mbili. Lete wembe mwingine, huu umekufa."

Athian aliporudi Kakuma hakwenda nyumbani kwanza. Alipitia Tarach, na robota tupu begani, akamkuta Nakuleu anaosha visu. Hakuitikiwa ejok. Akaketi kwenye jiwe lake la zamani akamsimulia yote, na alipofika pale mzee wa serikali anapolowesha ngozi ya mbuzi kwa sabuni na kuinyoa, Nakuleu akaacha visu. Akataka kujua alinyoa kuanzia wapi. Akataka kujua kama alimaliza kichwa. Akacheka mpaka akashika tumbo, akamwita jirani, na Athian akalazimika kusimulia upya toka mwanzo.

Juma lililofuata alikuja mpaka kwenye kibanda cha Athian, kile cha kununulia ngozi, chenye mizani ya Makena. Hakuwa na ngozi kwapani. Alikuwa anavuta beberu mwekundu kwa kamba, na beberu alikuwa hataki.

"Sema gredi yake," akasema, "kabla sijachinja."

Watu wa foleni wakacheka. Athian hakucheka. Aliweka chaki chini, akamzunguka beberu mara moja kimyakimya. Akamzunguka mara ya pili, akapitisha kiganja mgongoni dhidi ya mlalo wa nywele, akakomea begani, akatenganisha nywele kwa vidole. Kupe wa zamani walikuwa wameacha alama pale, nyingi, kama mchanga chini ya kitambaa.

"Ya tatu, mama."

"Ya tatu," Nakuleu akarudia. Akamtazama beberu, beberu akamtazama yeye. Akamwambia kwa Kiturkana jambo ambalo Athian hakulielewa, akageuza kamba, na wakarudi walikotoka wote wawili, beberu sasa akitangulia.